Mhusika, mandhari au jina? Jalada lipi liuze gemu yako

Tulichora majalada matatu ya gemu yetu ya bao, tukayachapisha kwenye karatasi za A3, tukayabandika ukutani. Wiki nzima kila aliyeingia chumbani aliyasifu yote, na sisi tukazidi kuchanganyikiwa. La kwanza lilikuwa na mzee mwenye kofia ya viua, ameinamia ubao, kete kiganjani. La pili lilionyesha ubao mzima kutoka juu, mashimo yote 32, na taa ya chemli pembeni. La tatu lilikuwa jina tu, herufi nene juu ya mbao iliyochongwa.

Ubishi uligeuka siku tulipoyashusha hadi pikseli 120 kwa 45, kipimo kidogo kabisa ambacho Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hukitumia kwenye orodha zake. Mzee akawa doa la kahawia. Ubao ukawa trei ya mayai. Sitanii: nilimwita mdogo wangu, nikamuuliza anaona nini, akajibu hapohapo, "Mayai." Jina peke yake ndilo lililosomeka, ila halikumwambia mtu hiyo ni gemu ya nini.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya wenzangu wanaotengeneza gemu wakiwa wawili au watatu, bila kampuni nyuma yao, na ambao wana hela ya jalada moja tu. Uchaguzi wenu utakuwa mmoja kati ya hayo matatu, au mchanganyiko wake.

Anzeni na picha ndogo

Steam hudai picha kadhaa za dukani. Ya juu ya ukurasa wa gemu ni 920 kwa 430. Kubwa ya ukurasa wa mbele ni 1232 kwa 706. Ya wima ni 748 kwa 896. Ndogo ni 462 kwa 174, na hiyo ndogo duka lenyewe huipunguza tena likatoa ya 184 kwa 69 na ile ya 120 kwa 45. Mchoraji hufanya kazi akiwa ameikuza picha ikajaa skrini. Mnunuzi akitafuta kitu kwenye orodha, anakutana na kile kipande cha mwisho, kimezungukwa na vipande vingine ishirini vya ukubwa uleule.

Aliyewahi kununua kanga anaijua hali hii. Dukani zimekunjwa, zimepangwa moja juu ya nyingine, na unachokiona ni ukanda wa pindo na rangi mbili tatu. Ukipendezwa ndipo unamwomba muuzaji aifungue uone mji na usome jina. Picha ndogo ya dukani ni ule ukanda. Ukurasa wa gemu, wenye trela na picha za mchezo, ndiyo kanga iliyofunguliwa. Kosa letu lilikuwa kutaka kuonyesha kanga nzima kwenye ukanda.

Kwa hiyo jalada ninalipima kwa maswali mawili. Likiwa dogo, linasomeka? Na mtu ambaye hajawahi kusikia habari za gemu hii, akiliona kwa sekunde moja, atataja aina ya mchezo sawasawa? Uzuri wa mchoro unakuja baada ya hapo.

Jalada la mhusika

Hili ndilo kila mtu hulitamani kwanza. Binadamu huvutwa na uso, na jalada lenye uso huonekana la bei mbaya hata kama gemu ni ndogo.

Mfano mzuri ni Hollow Knight, gemu ya mwaka 2017 kutoka kwa Team Cherry, timu ndogo ya Australia. Mhusika wake ni kichwa cheupe, pembe mbili, matundu mawili meusi ya macho, na mwili mweusi. Basi. Unaweza kumpunguza mpaka awe na ukubwa wa punje ya mchele na bado ukamtambua, kwa sababu kinachofanya kazi pale ni umbo, na umbo hilo limekatwa kwa nyeupe juu ya giza. Ukitaka kujua kama mhusika wako anafaa, mpake mweusi mtupu juu ya karatasi nyeupe. Akibaki anatambulika, una mhusika wa jalada. Akiwa kama mtu yeyote anayepita barabarani, mwache ndani ya gemu.

Umbo peke yake halitoshi, kwa sababu mhusika kwenye jalada ni ahadi kwamba gemu inamhusu yeye. Tales of Kenzera: ZAU ilitoka mwaka 2024 chini ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na ina hata sauti za Kiswahili. Ni hadithi ya kijana anayetaka kumrudisha baba yake kutoka kwa wafu, na anavaa vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi. Gemu ya namna hiyo usipomweka Zau mbele utaweka nini? Mtu anunue ili awe yeye.

Sasa mrudieni mzee wetu. Ni nani? Hana jina, hana hadithi, na ukianza kucheza humwoni hata mara moja, unaona ubao na kete. Tulimchora kwa sababu anapendeza. Mnunuzi angemwona akadhani ni gemu ya masimulizi, angefungua akakuta hesabu za mashimo, na Steam inamruhusu kurudishiwa hela yake ndani ya siku 14 kama hajacheza zaidi ya saa mbili. Jalada la kuvutia lisilosema kweli linakuletea wateja wa kurudisha bidhaa, na hao wakiacha maoni hawaachi mazuri.

Kuna na suala la mkono wa mchoraji. Uso haumsamehi mwanafunzi. Mti ukikosewa hakuna atakayejua, lakini jicho likihama milimita mbili hata mtoto ataona. Ukichagua mhusika, panga kumlipa mtu anayejua, au chagua mhusika asiye na uso wa kibinadamu. Among Us, iliyotoka 2018, ina mwanaanga aliye kama harage lenye kioo usoni. Hana pua, hana mdomo, na dunia nzima inamjua.

Jalada la mandhari

Mandhari hufaa pale mnunuzi anaponunua mahali. Gemu za kilimo, za kujenga mji, za kutembea porini, za kuvua samaki. Stardew Valley ya Eric Barone, aliyeitengeneza peke yake na kuitoa 2016, inamwita mtu ahamie shambani, na jalada lake lina mandhari ya shamba. Lakini litazameni vizuri: jina ndilo lililobeba picha, na shamba liko nyuma likitoa hewa. Wengi huiga shamba wakasahau ukubwa wa jina.

Hatari ya mandhari ni wingi. Unataka uweke mto, na daraja, na nyumba saba, na ng'ombe, kwa sababu vyote umevitengeneza na vyote vimekutoa jasho. Hapo mimi hukumbuka picha za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao. Mara nyingi ni mnyama mmoja, chui labda, amejaza mraba mzima, nyuma yake rangi moja tulivu. Waliomfuata wakaja kujaza mbao zao twiga, tembo, vijiji na masoko, na hizo nazo ni nzuri ukikaa nazo karibu. Ila simama ng'ambo ya barabara. Chui wa Tingatinga utamwona. Soko utaona rangirangi tu.

Duka la mtandaoni ndiyo ng'ambo ya barabara. Ukitaka mandhari, chukua kitu kimoja kutoka humo, kikuze mpaka kijae, na vilivyobaki viwe rangi. Ubao wetu wa mashimo 32 ulikuwa soko.

Jambo jingine ambalo mandhari hugombana nalo kuliko majalada mengine ni ukuta wa duka, yaani rangi iliyo nyuma ya picha. Kurasa za Steam ni za buluu iliyokolea, karibu na weusi. Mandhari ya usiku, kama ile yetu ya chemli, inazama humo, na kingo zake hazionekani zinaishia wapi. Kwenye itch.io, duka jingine la mtandaoni la gemu za watengenezaji wadogo, orodha huwa juu ya rangi nyeupe, kwa hiyo picha ileile inasimama vizuri lakini picha ya theluji au ukungu inapotea. Google Play hufuata simu ya mtu, nyeupe kwa huyu na nyeusi kwa yule. Tulipounguza kingo za ubao kwa rangi ya machungwa ya moto wa taa, picha ilijitenga na ukuta. Haikuacha kuwa trei ya mayai, lakini.

Barazani

Nikaichukua simu nikaenda baraza la mtaani kwetu, jioni, wazee wanapocheza bao. Nilisalimia, nikasubiri mchezo uishe, nikawaonyesha yale matatu.

Mzee mmoja aliishika simu mbali na macho, akatazama ubao wetu muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "nyumba iko wapi?"

Sikuelewa mara moja. Mchoraji wetu alikuwa amechora mashimo yote ya mviringo. Kwenye bao la Kiswahili kila upande una shimo moja la mraba kwenye safu ya ndani, nalo ndilo nyumba; mchezo ukianza linakaa kete sita, na mashimo mawili yanayolifuata kete mbilimbili, na zile 22 zilizobaki mchezaji anazo mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja; zikiisha ndipo huanza hatua ya mtaji. Bila lile shimo la mraba, mzee alisema, hilo ni sahani la maandazi. Akamgeukia mwenzake, "Na huyu babu anacheza namua au mtaji? Mbona amejaza kiganja na ametoa kete moja kwa kidole gumba?" Wakacheka sana. Sikucheka sana, lakini nilirudi nyumbani na jalada.

Kama gemu yako inahusu kitu chenye wenyewe, iwe ni bao, ngalawa, mpira wa mtaani au daladala, waonyeshe wenyewe kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Hawatakwambia habari za rangi. Watakuonyesha kile kitu kimoja ambacho kikikosekana, chote kilichobaki si chenyewe. Mara nyingi hicho ndicho cha kukuza.

Jalada la jina

Jina peke yake ni jalada la bei rahisi na watu hulidharau. Mimi sasa ndilo ninalolipendekeza kwa timu ndogo nyingi, kwa sharti moja: ndani ya jina kuwe na kitu kinachosema aina ya mchezo.

Balatro ya 2024 ilitengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Ni gemu ya karata. Katika nembo ya jina, herufi A moja imekuwa karata, na nyuma yake kuna rangi nyekundu na buluu zinazozunguka. Hakuna mhusika wa kueleza wala ukumbi wa kamari uliojaa watu. Unasoma jina na papo hapo umeshajua ni karata, na zile rangi zinakwambia karata hizo hazijatulia kichwani.

Neno la kwanza la jina letu ni BAO. Tukaichukua ile O tukaifanya nyumba: shimo la mraba lenye pembe zilizolainika kidogo, kete sita ndani, kivuli upande wa chini kuonyesha kina. Kwenye 462 kwa 174 kete zinahesabika. Kwenye 184 kwa 69 zinakuwa rundo. Kwenye 120 kwa 45 unaona neno BAO na O yenye kitu ndani, na hilo linatosha. Mdogo wangu hakusema mayai tena. Alisema, "Ni ule mchezo wa wazee."

Maelekezo ya Steam yenyewe yanasema nembo ijaze karibu picha ndogo yote, na kwa kweli huwezi kukwepa. Hapo ndipo majina marefu yanapoumia. Kiswahili kinapenda majina yenye viunganishi, "Safari ya Fulani katika Nchi ya Fulani", na kila neno unaloongeza linapunguza kimo cha herufi zote. Kama jina haliwezi kufupishwa, lipange mistari miwili, neno zito juu kwa herufi kubwa, mengine chini yake madogo. Fonti nyembamba za mwandiko wa mkono, achana nazo, zinakatika zikiwa ndogo.

Usijaze nafasi kwa sifa. Tangu Septemba 1, 2022 Steam imekataza kwenye picha hizi nyota za wahakiki, tuzo, matangazo ya punguzo na maneno mengine ya kujinadi. Kinachoruhusiwa ni mchoro wa gemu, jina, na kijina rasmi cha chini kama kipo. Ukitoa sasisho kubwa unaweza kuweka picha ya muda yenye maneno ya sasisho, kisha inaondoka. Google Play nayo haitaki maneno kama "bora" au "namba moja" kwenye aikoni.

Duka likibadilika, uamuzi hubadilika

Kwenye itch.io jalada ni moja, 630 kwa 500, karibu na mraba, na unaweza kuweka GIF inayocheza. Kupandisha gemu hakuna ada. Hapo mandhari au mchezo wenyewe unaotembea una nafasi ambayo Steam hainayo: sekunde mbili za kete zikidondoka mashimoni zinaeleza kuliko herufi. Watu wa itch.io pia wanapenda vitu visivyo na msasa, jalada lililochorwa kwa kalamu halitakuaibisha.

Google Play ni habari nyingine kabisa. Aikoni ni mraba wa 512 kwa 512, na duka lenyewe linaviringisha pembe zake, kwa hiyo usiweke kitu cha maana pembeni. Jina la gemu limeandikwa chini au kando ya aikoni tayari, kuliandika tena ndani ni kupoteza nafasi. Jalada la jina, ambalo kwenye Steam nimelisifu, hapa linashindwa na mhusika. Uso mmoja, au kitu kimoja. Sisi tulitoa ile nyumba kutoka kwenye O ikakaa peke yake, kete sita, mbao nyekundu. Kuna pia picha pana ya 1024 kwa 500, nayo ni ya lazima, ila ukiwa na video alama ya kucheza inakaa katikati, kwa hiyo jina lisogee.

Ada ya kuingia Steam ni dola 100 kwa kila gemu, Google Play ni dola 25 mara moja tu. Nazitaja kwa sababu zinakula bajeti ileile ya jalada, na nimeona watu wakilipa ada kwanza kisha wakaweka picha ya skrini kama jalada kwa kuwa hela imeisha.

Nani achore

Ukichora mwenyewe, chagua jina. Ukiwa na hela ya fundi mmoja kwa kazi moja, mpe nembo ya jina kwanza, kisha ikibaki ndiyo aongeze mchoro. Mwambie akuletee vijipicha sita vya penseli kabla hajagusa rangi, na uvitazame kwenye simu, si kwenye kompyuta. Mkubaliane mapema kwamba nembo na mchoro anavileta kwenye tabaka tofauti, maana bila hivyo kila kipimo kipya kitakuwa kazi mpya na bei mpya. Mchoraji wetu wa kwanza alituletea kila kitu kimeshikana kwenye JPEG moja. Alikuwa hajakosea, sisi hatukumwambia.

Akili mnemba tuliijaribu kwa ubao. Ilitupa bao lenye safu tano, jingine lenye safu tatu, na mara moja mashimo yaliyopanda ukutani. Kuhesabu haiwezi na nyumba haiijui. Tangu Januari 2024 Steam inamtaka mtengenezaji aeleze alichotengenezewa na akili mnemba, na maelezo hayo yanaonekana kwa mnunuzi. Wako wasiojali na wako wanaoufunga ukurasa palepale. Kwa kutafuta mpangilio wa rangi sioni ubaya. Kwa jalada lenyewe ningeweka kalamu yangu mbovu kabla ya hiyo.

Jaribio la mwisho linachukua robo saa. Piga picha ya skrini ya orodha ya gemu za aina yako, bandika jalada lako katikati yake kwa ukubwa uleule, mpe mtu simu kwa sekunde mbili, ichukue, umuulize ameona nini. Usimuulize kama limependeza. Tulifanya hivyo na watu tisa. Wanne walitaja letu, na watatu kati yao walisema ni bao. Jalada la mzee lilipobandikwa mahali palepale alitajwa na mmoja tu, akasema ni gemu ya mpishi.

Hatukumtupa mzee. Maktaba ya Steam ina picha moja pana mno, 3840 kwa 1240, inayotokea juu mtu akishainunua gemu, na pale maandishi hayatakiwi kabisa. Tumemweka hapo, tumempunguzia kete kiganjani ikabaki moja, na ubao ulio mbele yake una nyumba.